Kama Enzi Zile Hasa

Faiz, mhudumu wa hoteli moja ya Dubai Marina, alivishwa kanzu na tarbushi nyekundu kama maboi wa zamani. Leo wageni walisherehekea "Klabu ya Mombasa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia": bendi ya dansi, duka la hariri na manukato, na mchanga uliomwagwa ukumbini uwe pwani ya likizo. Nyanya yake alifua mashuka ya klabu ya wakoloni kama hiyo kulekule Mombasa, na ufuo wake aliuona kwa mbali tu.

"Wewe mtu wa Mombasa," alifoka meneja wake, Madam Shalini, Mhindi wa Mumbai. "Simama mlangoni, upokee wageni kama enzi zile hasa. Yalla!"

"Hasa, madam?"

"Hasa! Usinichoshe."

Faiz akashika mlango. Wazungu akawainamia, wakapita. Madam akatoka kutazama foleni, na alipotaka kurudi ndani akakuta mkono umeziba mlango.

"Una wazimu?"

"Hii klabu ya Wazungu, madam. Mhindi haingii." Faiz akaonyesha mlango wa nyuma. "Nifuate. Wewe na mimi tunapitia jikoni."