Mfupa Ndani ya Goti

Nyumba yangu imeingia maji, na mvua haijanyesha. Shika hicho kitendawili, jibu tutalikuta njiani.

Msimu wa kupanda mpunga, goti la mama Apollinarie wa Mutarule lilivimba likawa kama papai. Mfumu, mganga wa ramli, alilibonyeza, akafumba macho, akasema ndani iko mfupa wa chura, umetupwa na mtu anayekula naye. Na anakula na nani kama si Noella, mjane wa kaka yake, anayemtekea maji na kumkanda mguu?

Tangu hapo hofu ilihamia nyumbani. Noella akileta uji, Apollinarie alimwambia auonje kwanza, kama vile watu wanavyomwonjea mgeni asiyewajua. Noella alionja, akamkabidhi bakuli. Na ni huyohuyo Noella aliyempandisha pikipiki mpaka Uvira, kwa dokta Ninahazwe anayepiga ekografi, picha ya ndani ya mwili.

Juu ya kitanda cha dokta, Apollinarie alitetemeka mpaka chuma kikalia. Sindano hakuiogopa. Aliogopa mfupa uonekane. Ukionekana, atarudi nyumbani na nani? Nani atamwinua asubuhi? Ekografi aliijua ni ya wenye mimba. Leo ilikuwa inatafuta mchawi.

Dokta alimpaka kitu cha baridi, chenye kuteleza kama ute wa yai, akapitisha kichwa cha mashine juu ya goti. Kwenye kioo kukajaa giza. Chini ya giza, mstari mweupe.

Apollinarie akauonyesha kwa kidole. “Ni ule mfupa.”

“Ni wako, mama. Umezaliwa nao.”

Hakuamini. Akauliza mbona basi Noella anaangalia chini.

Noella hakubishana. Alipandisha kitenge chake. “Dokta, piga na langu. Aone.”

Mstari uleule mweupe. Giza tu ndilo halikuwepo.

Lile giza ni maji, dokta akaeleza. Goti limewaka ndani, atayavuta, kisha ampe dawa. Basi jibu la kitendawili umelipata.

“Kumbe ulijua,” Apollinarie akasema polepole.

“Wifi, minye nilionja uji wote ule. Weye ulifikiri sijui sababu?”

Nje, Noella alinunua chai, akapeleka kikombe mdomoni kama alivyozoezwa. Apollinarie alimshika mkono, akakichukua kabla hajaonja, akanywa. Chai ilimuunguza ulimi, hakuitema.