Mshono wa Nyuma ya Bomba

Mstari ulikuwa mwembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga, na Zdravka Belcheva, mkaguzi wa mishono ya mabomba, aliuona kabla hajaketi vizuri. Picha ya eksirei ilikuwa imebandikwa juu ya kioo chenye taa, bado inanukia dawa, na ndani ya weupe wa mshono wa chuma ulipita ule weusi, umenyooka kama mtu ajuaye aendako. Dosari za kawaida zina sura ya ajali: kiputo hapa, doa pale. Huu ulikuwa umejilaza ukingoni mwa mshono kama mgeni aliyekuja kulala na hana haraka ya kuondoka.

Aliibandua picha akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, atafute mkwaruzo. Hapakuwa na mkwaruzo. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mstari upo. Ndipo alipofanya jambo alilokuwa akiliahirisha: akasoma namba ya fundi pembeni mwa picha, ile ambayo kila mchomeleaji huigonga kwenye chuma kando ya mshono wake, ili sifa ikija imjue mwenyewe na lawama ikija isipotee njia.  Ilikuwa namba ya Panayot.

Sasa, huyo Panayot. Katika mitambo yote iliyojengwa kando ya mto Danube, hapakuwa na mkono wa kuchomelea uliomfikia. Walisema aliwahi kuziba ganda la yai lililopasuka, na kuku akarudi kulilalia pasipo kinyongo. Walisema nzi akivunjika mguu anampita daktari na kwenda kwake. Walisema anachomelea kwa sikio: hufumba macho, akasikiliza moto unavyokaanga chuma, na kujua kina cha mshono kama mama ajuavyo kilio cha mwanawe. Hili la mwisho Zdravka ndiye aliyelisimulia kuliko wote, na kila lilipopita kinywani mwake lilitoka limenona zaidi.

Juu ya hayo yote, Panayot ndiye aliyekuwa msimamizi wa ndoa yake na Mladen. Watu wa huko wana mizaha ya kila namna, lakini kwa hilo hawana mzaha. Msimamizi wa ndoa habishiwi, hapitwi mbele, hanyimwi. Mvua isiponyesha unaweza kumnung'unikia Mungu. Msimamizi wako unamwongezea mvinyo.

"Mkwaruzo huo," alisema Injinia Karadimov, mkuu wa ujenzi, alipoletewa picha. Hakuivaa hata miwani yake.

"Si mkwaruzo, bwana mkubwa. Chuma hakikushikana na chuma."

"Panayot? Chuma kimkatae Panayot?" Karadimov alicheka mpaka chai ikamwagika. "Mama Belcheva, bomba hili ndilo litakalobeba maji ya moto kutoka kwenye kinu cha nyuklia. Wiki ijayo linajaribiwa kwa shinikizo, wageni kutoka Sofia wako njiani. Piga picha nyingine kwa upande mwingine, tulale."

Ikapigwa nyingine kwa upande mwingine. Safi. Nyeupe kama shingo ya bibi harusi.

"Umeona?" Karadimov alisema, akimsogezea kalamu. "Tia saini."

Zdravka hakuishika. Aligonga kioo cha dirisha kwa ukucha. "Kitazame hiki uso kwa uso. Unakiona?"

"Naona ua tu, na mbwa wa mlinzi."

"Ukikitazama ukingoni kina giza kama kisima. Ufa mwembamba ndivyo ulivyo. Picha ya pili imeutazama usoni, ikaona mbwa. Ya kwanza iliutazama ukingoni."

Karadimov aliacha kucheka. "Sawa. Tutaukata kwa grenda. Lakini sikiliza, mama. Tukikata mshono wa Panayot mbele ya mtambo mzima na ndani kusiwe na kitu, hapa huna kazi tena. Nitakupeleka ukague mabomba ya vyoo vya shule, na salamu hutapewa na mtu."

Habari ilifika kantini kabla yake. Watu waliokuwa wakimtengea nafasi mezani ghafla walikuwa na mikoba mikubwa ya kuweka pale. Maisha yake yote Zdravka alikuwa mtu wa kupendwa. Alikuwa na cheko la kumpunguzia kila mtu aibu, na hata alipokataa kazi ya fundi alikataa kwa sauti ya kuomba radhi. Siku hiyo alikula supu akiwa amesimama, akagundua kwamba kupendwa ni koti zuri ambalo hajawahi kulivua aone kama ana mifupa.

Na kalenda nayo, kana kwamba imelipwa kumkomoa, ikaleta Jumapili ya Kuombana Msamaha, ile ya kufungua Kwaresima, ambapo wadogo huenda kwa wakubwa, na kila ndoa huenda kwa msimamizi wake, kubusu mkono na kusema nisamehe. Mkubwa hujibu, "Mungu amekusamehe," kisha watu hula.

"Utamwambia nini?" Mladen aliuliza njiani, amebeba sinia la banitsa, mkate wa tabaka wenye jibini, likifuka mvuke chini ya kitambaa.

"Nitamwambia nisamehe."

"Basi mambo yamekwisha!"

"Wewe beba sinia."

Panayot alikuwa ameketi katikati ya sebule kama askofu, masharubu yamechanwa. Mkewe Stoimena alisimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Zdravka aliinama, akabusu mkono ule mkubwa wenye makovu ya cheche.

"Nisamehe, Baba Panayot."

Panayot hakujibu kama desturi. "Nikusamehe lipi hasa?"

Stoimena aliushusha mwiko. Katika nyumba ile swali hilo halikuwahi kuulizwa. Ilikuwa kama padri kukatiza sala aulize bei ya ubani.

"Nisamehe mitungi yako ya jemu ambayo sijairudisha," Zdravka alisema taratibu. "Nisamehe siku ya somo wako mtakatifu, nilisema naumwa na sikuwa naumwa. Nisamehe hadithi ya yule kuku, niliitia chumvi."

"Na mshono?"

"Mshono siuombei msamaha, Baba. Mshono nauombea grenda."

Mladen alifumba macho.  Panayot alimtazama yule mwanamke kama atazamavyo chuma asichokijua, akitafuta kinayeyukia wapi.

"Hayo mengine," alisema hatimaye, "Mungu amekusamehe. Huo mshono kesho nitaukata kwa mkono wangu, sitaki wa mtu mwingine. Na usipokutwa na kitu, usije tena hapa na banitsa."

"Banitsa ni tamu lakini," Stoimena alisema kutoka mlangoni, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Asubuhi kila aliyekuwa na kisingizio cha kupita karibu na bomba lile alipita, na wasiokuwa na kisingizio walibeba ngazi tupu. Mshono ulikuwa umeukaribia ukuta kiasi kwamba sehemu yake ya nyuma haikuonekana ila kwa kioo kidogo cha mkononi. Panayot alijilaza ubavu, akapenyeza grenda, cheche zikamwagika sakafuni. Kila alipokwangua tabaka moja, Zdravka alipaka dawa nyekundu, akaifuta, akapuliza unga mweupe juu yake. Kama kuna ufa, wekundu uliojificha ndani hutoka wenyewe juu ya weupe.

Tabaka la kwanza: weupe mtupu. La pili: weupe. La tatu: weupe wa kukera.

"Yatosha," Karadimov alisema. "Tusije tukakata mpaka ukuta wa jirani."

Watu walicheka. Kicheko kile Zdravka alikijua. Alikuwa akikipenda alipokuwa ndani yake. Akahisi cheko lake la zamani linapanda kooni, lile la kusema samahanini jamani, tuache. Alilimeza kama dawa chungu.

"Endelea, Baba Panayot."

Fundi alikuwa na haki ya kuzima mashine. Hakuna ambaye angemlaumu. Alimtazama kupitia kile kioo kidogo, macho yake yamegeuzwa kushoto kulia, kisha grenda ikanguruma tena.

Dawa. Kitambaa. Unga. Wakangoja.

Kwanza haukuwa mstari bali wasiwasi wa rangi. Kisha wekundu ukachipuka juu ya weupe, ukajinyoosha taratibu, mwembamba, bila aibu, kutoka ncha hadi ncha ya pale pale alipopaonyesha. Mmoja wa mafundi alijitazama mkononi, penye uzi mwekundu na mweupe ambao wote huufunga ifikapo Machi kwa ajili ya afya, akasema, "Martenitsa, wallahi! Bomba nalo limevaa!" Mara hii kicheko kilikuwa cha upande mwingine kabisa. Hata Karadimov alivaa miwani.

Panayot alibaki amelala, anautazama ule wekundu kwenye kioo.

"Kioo kilikuwa kinapata ukungu kwa pumzi yangu," alisema, sauti yake ikimfikia Zdravka peke yake. "Nikachoka kukifuta. Nikakiweka kando, nikapiga kwa sikio."

"Kwa nini, Baba?"

"Mlisema naweza."

 Zdravka akachukua kitambaa kisafi, akakifuta kile kioo pande zote mbili, akamrudishia.

Panayot aliuchomelea upya mshono ule kana kwamba ni wa kwanza maishani mwake. Alisimama kila mara kufuta ukungu, hakuruhusu mtu amsifu, na aliyeanza hadithi ya yai aliambiwa aende kwa kuku mwenyewe. Picha zilipigwa kwa upande huu, kwa upande ule, na kwa upande ambao hakuna kitabu kilichouamuru. Zdravka alizitazama moja moja mpaka macho yakamtoka machozi. Safi. Safi. Safi.

Wageni wa Sofia walipofika, pampu zilianza kusukuma maji. Sindano ya geji ilipanda, ikapita pale pa kawaida, ikapita pale pa hofu, ikasimama.  Hata njiwa wa darini walionekana kungoja uamuzi. Shinikizo liliposhushwa kiasi cha kuruhusu watu kusogea, Karadimov alimwashiria Panayot akague.

"Mimi nimeshasema yangu kwa moto," alisema Panayot. "Pitisha mkono wewe, Zdravka."

Alivua glavu. Akapenyeza mkono nyuma ya bomba, kule ambako jicho halifiki, akaupitisha polepole juu ya mshono, ncha hadi ncha. Kisha akautoa na kuuinua juu, kiganja kikiwaelekea wote.

Kikavu.

Mlipuko wa shangwe uliofuata, wanaapa watu wa ng'ambo ya mto, uliamsha ng'ombe wa Rumania. Karadimov aliwakumbatia wageni akiwaambia kwamba yeye alikuwa na shaka na mshono ule tangu mwanzo. Kofia ziliruka. Zdravka alisahau kuushusha mkono.

Mchana kantini ilijaa, maharage ya Kwaresima yakapakuliwa kama ya harusi. Panayot alikuwa amepanda juu ya benchi, masharubu yamelowa mchuzi.

"Mimi," alikuwa akinguruma, akijipiga kifua, "mimi, si mwingine, ndiye niliyekataliwa mshono na Zdravka Belcheva! Nani mwingine hapa? Hakuna! Ufa wenyewe, jamani, ulikuwa wa kupitisha mbuzi. Mbuzi na pembe zake! Na sote tulipita hapo tukaona ukuta mzuri. Yeye aliuona akiwa kwake, amelala!"

Zdravka alikuwa kwenye foleni na bakuli lake. Alifungua kinywa amsahihishe: haukuwa hata upana wa ukucha. Aliwaona mafundi wamemzunguka yule mzee, na mmoja wao pembeni, asiyecheka, akikipangusa kioo chake kidogo kwa ncha ya shati.

Akakifunga kinywa, akaomba mkate. Mtu alimsogezea nafasi mezani, na yeye akachagua kukaa mgongo ukimwelekea Panayot, ili asikie vizuri.