Kabati la Esta

Mwaka wa hamsini na sita Boke, mjane wa marehemu Machage wa Nyarero, aliuza fahali ili amnunulie mke wake kabati. Mgeni angeshangaa kusikia mwanamke ana mke, lakini kwa Wakurya halikuwa jambo la ajabu. Boke hakujaliwa mtoto wa kiume. Mumewe alipofariki, alitoa ng'ombe wake mwenyewe akamwoa Esta, ili Esta azae na mwanamume amtakaye, na watoto wahesabiwe wa nyumba ile. Esta alikuwa tayari amezaa mtoto wa kiume, Waitara, ambaye bado alinyonya. Esta alimwita Boke mama, na Boke alimwita mkamwana, kana kwamba ameolewa na mwanawe.

Esta alisoma mpaka darasa la nne katika shule ya misheni, akajifunza huko kushona nguo za watoto kwa mkono. Vitambaa vyake alivifunga kwenye gunia na kulitundika juu ya meko, navyo vikanuka moshi. Moshi aliuvumilia. Kilichomshinda ni Kisyeri, mdogo wake Machage, aliyezoea kuingia ndani wanawake wakiwa shambani akachukua alichokitaka. Alianza na blanketi la marehemu. Likafuata jembe jipya. Mwisho akabeba vigauni viwili ambavyo mwenyewe, mke wa karani mmoja wa Tarime, alikuwa akivisubiri.

"Ni mali ya kaka yangu," alijibu alipoulizwa, akaendelea kupiga mswaki.

Siku ile Esta hakula. Alimwosha mtoto, akamlaza, ndipo akasema, "Mama, nataka kitu chenye ufunguo. Kisipopatikana nitarudi kwetu, nikashonee huko."

Boke alimwangalia usoni akaona si vitisho. Wiki hiyo hiyo fahali akaenda mnadani.

Pale Nkende palikuwa na fundi seremala aitwaye Hezekia. Yeye hakutengeneza vitu vipya tu. Mzungu akihama, au kambi ya dhahabu ikifungwa, Hezekia alikwenda kununua samani zilizoachwa, akazipiga msasa na kuziuza upya. Boke na Esta walifika kwake asubuhi, mtoto mgongoni, pamoja na Ryoba, jirani yao mwenye mkokoteni wa maksai. Makabati matatu yalikuwa yamesimama chini ya paa la nyasi.

Boke alikwenda moja kwa moja kwenye lile lenye kioo. Lilikuwa refu, jekundu, linang'aa, na kioo chake kilikuwa kikubwa kiasi cha mtu kujiona hadi magotini. Boke alijitazama kwa muda, akaweka sawa kitambaa cha kichwa.

"Hili," alisema. "Watu wakiingia walione."

Esta alivuta droo ya chini akaitoa yote, akaigeuza, akaigonga kwa kiganja. Unga laini wa mbao ukamwagika miguuni pake.

"Fukusi," alisema.

Hezekia alijikuna shingo. "Si wengi. Nimewapaka mafuta ya taa."

"Hawajafa. Unga huu ni mpya."

Fundi akacheka, akaanza kumwangalia Esta kwa namna nyingine. Akawaonyesha la pili, lenye droo ndogo ndogo zaidi ya ishirini, lililotoka katika duka la Mhindi mmoja aliyehamia Mwanza. Lilikuwa zima kabisa, halina tundu hata moja. Esta alifungua droo moja, akainusa. Bizari. Akafungua nyingine. Karafuu. Ukivunja ile mbao vipande vipande bado ingenuka mchuzi, na nguo ya mtoto mchanga haiwezi kunuka mchuzi.

La tatu lilikuwa limesogezwa nyuma, limefunikwa gunia. Rangi yake ilikuwa nyeusi kwa uzee, na mguu mmoja ulikuwa umebadilishwa kwa mti wa aina nyingine. Boke alilitazama akakunja uso. Esta aliingiza mkono nyuma akapapasa mbao zote, kisha akachunguza pembe. Hapakuwa na msumari. Mbao zilikuwa zimeumana zenyewe, na gundi ya zamani imekauka ngumu kama jiwe.

"Mvule," alisema Hezekia. "Mchwa wanalipita. Lilikaa ofisini kwenye kambi ya dhahabu tangu kabla ya vita."

"Na kitasa?"

Hezekia akatoa funguo mbili mfukoni. Esta alifunga, akavuta mlango kwa nguvu zote, akafungua, akafunga tena. Alifanya hivyo mara tano au sita. Boke alichoka kusubiri.

"Mkamwana, hili ni kama jeneza la mtu mnene."

"Ni kweli mama, ni baya. Lakini ndilo ninalolitaka."

Boke alinuna, lakini alikuwa ameahidi kwamba atakayechagua ni Esta. Fundi akauliza, "Mlango wa nyumba yenu una upana gani?"

"Ng'ombe anapita," alisema Boke upesi, kwa sababu alitaka kuonekana mtu wa nyumba kubwa.

Ng'ombe asingepita. Walilijua hilo alasiri, walipofika Nyarero na kushusha kabati uani. Ryoba na wanaume wawili walilisukuma kwa ubavu, kisha kwa mgongo, kisha wakalilaza. Kila namna lilikwama kwenye miimo ya mlango, upana ukipungua kama shubiri moja. Kulifungua vipande kusingewezekana bila kulivunja. Upande wa Kenya mawingu yalikuwa yametanda, na ngurumo zilianza kusikika.

Hapo ndipo Kisyeri alipotokea. Alilizunguka kabati, akaligonga gonga.

"Mbona mnahangaika?" alisema kwa upole. "Lipelekeni kwangu. Nyumba yangu ni ya bati, na mlango wake ni mpana. Litakaa salama. Esta akihitaji kitu, aje."

Wanaume wakatazamana. Lilikuwa neno la maana, na mvua ilikuwa inakuja. Ryoba alianza hata kuwageuza maksai. Esta alimshusha mtoto mgongoni, akamshika mkono, akasimama akimwangalia Boke tu.

Boke aliona aibu. Angesema kweli kule Nkende, wangepima kwa kamba, na Kisyeri asingepata nafasi ya kuwa mwema. Aliingia ndani. Alipotoka alikuwa na jembe.

Alianzia kando ya mlango. Pigo la kwanza liliangusha udongo mkavu, la pili likafika kwenye fito.

"Shemeji! Unabomoa nyumba ya kaka yangu?"

"Kaka yako alisimamisha miti," Boke alisema bila kugeuka. "Udongo nilikandika mimi, nikiwa na mimba ya binti yangu wa kwanza. Nabomoa udongo wangu."

"Wazee watasikia jambo hili!"

"Waje. Wakija mapema watatusaidia kubeba."

Ryoba alicheka, akachukua panga akakata fito. Kabati liliingia matone ya kwanza yakidondoka, wakaziba tundu kwa ngozi mbili za ng'ombe. Ndani kulilowa, lakini si sana. Kesho yake Esta alikanyaga udongo, na Boke, mwenye miaka karibu sitini, akakandika. Ilipofika jioni mgongo wake ulikuwa haunyooki.

Ufunguo mmoja alishika Esta, mwingine akampa Boke, pamoja na droo ya chini. Boke alitia humo ugoro wake na shanga zake, na kwa siku kadhaa hakuacha kwenda kuifungua bila sababu.

Wazee hawakuja. Siku moja baada ya mavuno Boke na Esta walirudi kutoka shambani wakakuta mikwaruzo kuzunguka kitasa, kama ya ncha ya kisu. Kabati lilikuwa limefungwa vilevile. Boke alikwenda kwa Kisyeri asubuhi, wakasalimiana vizuri, wakaulizana habari za mifugo.

"Kitasa hakikufunguka," alimwambia mwishoni. "Ukitaka kitu kwangu, njoo nikiwepo, uombe."

Kisyeri alikana, akaapa kwa jina la baba yake. Lakini tangu siku hiyo alipokuja alisimama uani na kukohoa. Esta, sindano mdomoni, alimjibu kutoka ndani, "Subiri hapo, baba. Mama anakuja."