Chuma Mdomoni mwa Swaib

Swaib, muuza viatu vya mitumba wa Onduparaka, mjini Arua, alivikwa jino la chuma na fundi mmoja wa kupitapita. Jino hilo liligusana na jino la pembeni yake, lililozibwa zamani kwa madini ya fedha. Wiki haikwisha, kila alichokula kikawa kama amelamba msumari: chai, maharage, hata maji.

Mkewe Sitti, wa kabila la Kakwa kutoka mji wa Koboko, alikuwa mpishi hodari. Alibadilisha sufuria, akabadilisha chumvi. Haikusaidia.

"Wewe iko weka nini kwa chakula yangu?" Swaib akamuuliza siku moja, majirani wakisikia.

"Baba Rukia, mimi hapana weka kitu."

Akachota mboga ya kunde kwenye sahani yake, akala mbele ya wote. Swaib akasema mkewe amekwisha kunywa dawa ya kujikinga na sumu. Hata alipokula kwa dada yake chakula kilikuwa na ladha ileile, lakini Swaib alijiambia kwamba sumu imeshaingia damuni. Sitti akamchukua binti yao Rukia, akarudi kwao.

Miezi minane baadaye jino lile lilimuuma Swaib, akaenda kwa Phiona, daktari wa meno mjini, ambaye alimchungulia mdomoni.

"Mzee, unasikia ladha ya chuma ukila?"

Swaib alishtuka. Hakuwa amemwambia.

"Metali mbili tofauti zikikutana kwenye mate, umeme kidogo unapita kati yake, kama kwenye betri," Phiona alieleza. "Ulimi unausikia. Wengine hawasikii kitu. Wewe unasikia sana."

Alimvua lile jino la chuma. Siku ya pili Swaib alikunywa chai, akasikia sukari na tangawizi. Akaweka kikombe chini, akalia.

Alifika Koboko Jumamosi. Sitti alikuwa akifua rundo la nguo za watu. Swaib alimsimulia yote, bila kuficha, akamwomba msamaha.

Sitti hakuacha kufua. "Nilifungua kibanda cha chapati hapa sokoni," alisema. "Maneno yako ya sumu ilifika hapa kabla yangu. Watu iko pita tu, hakuna mutu ananunua. Sasa nafua."

"Nitawaambia ukweli."

Akaenda sokoni, akawaonyesha wanawake lile jino alilokuja nalo kwenye karatasi. Akawaeleza habari ya umeme. Wengine wakacheka. Mmoja akauliza kwa upole, "Sasa, ni yeye aliroga jino?"

Aliporudi, Sitti alikuwa akianika.

"Wameamini?"

Swaib akatikisa kichwa.

"Mimi nakusamehe, Baba Rukia. Lakini siwezi kupika tena nikiangalia uso yako kuona umeonja nini."

Rukia alikuwa amekaa mlangoni. Swaib alimwita. Msichana akamtazama mama yake kwanza, kisha akaingia ndani. Swaib akangoja kidogo, akaaga, akaenda kutafuta gari la Arua.