Pipa la Mazoezi

Tangu soko huria limtajirishe kwa biashara ya chai, Ezron hakuwa na wimbo mwingine ila likizo ya kisiwa cha Karibi, yeye na mkewe wakapige mbizi na mitungi ya hewa migongoni. Kila asubuhi, nyuma ya nyumba yao huko Ibighi, alikididimiza kichwa cha mkewe huyo, Ikupa, kwenye pipa la maji ya mvua, akihesabu mpaka thelathini. Ikupa akiibuka mapema, alikula kofi la kusikika kwa jirani. "Utaniaibisha mbele ya Wazungu!"

Siku tiketi zilipofika, Ezron akainama pipani mwenyewe amwonyeshe. "Wewe hesabu!"

Ikupa, aliyechuma chai kwa miaka kumi, akamkamata vifundo vya miguu, akamnyanyua, akamtumbukiza mzimamzima. Pipa likatikisika. Akahesabu taratibu. Alipofika thelathini, akaanza tena na moja.