Nyota ya Chumvi

Tangu tumzike baba, mama hakuwa mtu wa kutoka chumbani. Chai inapoa, uji unapoa, yeye kageukia ukutani. Nilishakata tamaa, sifichi.

Siku moja akaja karakanani kuniomba ufunguo wa kabati. Mimi na kaka tunatengeneza spika, kazi aliyotuachia baba, na tunazipima kwa njia yake: unalaza bamba jembamba la bati juu ya spika, unanyunyiza chumvi, unapiga mlio mmoja mrefu. Spika ikiwa nzima, chumvi inajipanga sawasawa. Ikiwa imechanika, inakwenda upande. Mama aliingia chumvi ikijichora nyota, safi kama ya rula. Akashika mdomo. Akasema baba amemsalimia.

Kesho yake alioga, akala, akaja tena. Mimi raha tupu! Kaka ndiye aliyekosa amani. Bwana huyu hawezi kuona mtu amekosea akanyamaza, ni ugonjwa wake. Akaniambia mchoro hauhitaji mchoraji: bati linairusha chumvi ovyo, chumvi inakimbia panapotetemeka, inabaki palipotulia, basi. Nikamwambia athubutu kumwambia mama maneno hayo, nitamtoa nje yeye na bati lake.

Kumbe mama yuko mlangoni, kasikia yote. Alikuja mezani, akaivuruga kwa kiganja nyota iliyokuwa bado juu ya bati, akaomba kushika mwenyewe kitufe cha kuzungusha, kile kinachopandisha na kushusha mlio.

Akakizungusha. Chembe zikaruka huku na huku kama zimepagawa, halafu taratibu zikawa duara ndani ya duara. Akazungusha tena, fujo, kisha vyumba vidogo vidogo vilivyopangika kama vigae. Jamani, ilikuwa nzuri! Sisi tuliozaliwa na kazi hii tulisimama midomo wazi. Lakini nilikuwa naogopa, maana nilijua akiinuka pale anarudi ukutani.

"Kwa hiyo hakuna anayezipanga," mama akasema.

Kaka, msemaji mkuu wa nyumba yetu, safari hii akajibu polepole. "Zinajipanga zenyewe, mama. Ila nani alizipa tabia hiyo, hapo hata mimi sijui."

Mama akaionyesha chumvi kwa kidole.

"Na baba yenu alikuwa anayaona haya?"

"Kila siku," nikamjibu.

"Kila siku! Na jioni anarudi nyumbani, namuuliza kazi vipi, ananiambia ya kawaida tu."

Alikasirika kweli, mama yangu, hasira ya mke kwa mumewe, sijaiona tangu msiba. Machozi yanamtoka na huku anacheka. Akasema wakikutana huko atamweleza vizuri.

Kisha akavuta kiti cha baba, ambacho hakuna kati yetu aliyethubutu kukikalia, akakikalia.

"Lete chumvi," akasema.