Kukaza si Kukaa

Asubuhi, kabla upepo wa Same haujaanza kurusha vumbi barabarani, Mzee Aminieli alisimama mbele ya kaunta ya duka la vipuri la Sharifa akichagua nati za magurudumu ambazo marehemu hataweza kuzifungua. Alizitia kiganjani moja moja, akazigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Nyeusi alizirudisha kwenye boksi bila kuzitazama mara ya pili. Alipenda zinazong'aa.

"Hizi ndizo za kufuli, mzee," Sharifa alisema. "Kichwa chake kina mchongo, na ufunguo wake ni huu mmoja tu. Spana ya kawaida haishiki. Watu huweka moja kila gurudumu, inatosha."

"Moja haitoshi. Atafungua zilizobaki. Nipe za kufuli gari zima."

"Lakini kufuli ni ya mwizi. Nathanaeli haibi. Si nasikia anazifungua na kuziweka chini tu?"

"Hilo la kuziweka chini ndilo nisilolitaka," Aminieli alisema.

Sharifa alishusha maboksi kutoka rafu ya juu. Kisha akauliza kama rimu za Noah hii mpya ni za aina ileile ya gari la kwanza. Aminieli akasema ni zilezile, za kiwandani. Sharifa alifungua boksi la kwanza. Alijua, kama alivyojua mara ya kwanza, kwamba rimu zile zina tundu lenye kitako bapa, na zinataka nati yenye shingo na washa pana, ile pete bapa ya chuma inayolala juu ya rimu. Nati zote zinazong'aa dukani kwake zilikuwa na mdomo wa koni.

"Mzee, hizi ni za koni. Rimu zako zinataka za washa."

"Zitakazwa," Aminieli alisema.

Muuzaji hagombani na mteja wa kwanza wa siku, hata kama anapaswa. Sharifa alizifunga nati kwenye gazeti, akamtakia safari njema.

Nathanaeli alikuwa dereva wa gari la kwanza la Aminieli, lililokuwa likipandisha na kushusha abiria kati ya mji wa Same na kijiji chao cha mlimani, Vudee. Nati za asili zilipochakaa, Aminieli alinunua za koni, na Nathanaeli alimwambia siku hiyohiyo: "Mzee, nati hizi hazikai. Zinagusa mdomo wa tundu tu." Aminieli alikuwa mtu aliyeamini kwamba chochote kinacholegea duniani kimelegea kwa uvivu wa mtu. Akamjibu: "Kaza." Basi Nathanaeli akakaza, kila alfajiri, mpaka mshipa wa shingo ukamtoka. Siku moja, gari likishuka, gurudumu la mbele lilitangulia peke yake kwenye kona iliyo chini ya kijiji, likavuka ukingo, na gari likalifuata. Nathanaeli alikufa pamoja na abiria watatu, na mmoja wao alikuwa Careen, binti wa pekee wa Bibi Rogathe.

Kwenye mkutano wa kijiji Aminieli alisimama, akaapa, akasema: "Nilimwambia akaze." Ilikuwa kweli tupu. Mkutano ukaona kwamba aliyeambiwa akaze na gurudumu likachomoka, hakukaza. Mwenyekiti, Anaeli, akatamka kuwa chanzo ni uzembe wa dereva. Tangu siku hiyo watu walipita mbele ya nyumba ya Honorata, mjane wa Nathanaeli, wakitazama upande wa pili. Iliuma kuliko msiba wenyewe. Honorata hakutaka pole ya mtu yeyote tena. Alitaka kitu kimoja: mkutano uleule useme kwamba mume wake hakuua mtu.

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na mwishoni mwa masika ilililia barabara. Mvua ilikuwa imeila kona ileile, na pembe ikapigwa kuita msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo Upareni kila nyumba hutoa mtu mmoja, na nyumba isiyotoa hupigwa faini. Jenifer, binti wa Honorata, alikuwa shuleni bweni. Honorata mwenyewe alikuwa kitandani na homa. Kwa hiyo mume wake ndiye aliyekwenda. Alitoka upande wa migomba, alikozikwa, akiwa na suti aliyovikwa na udongo kidogo mabegani, akasalimia wakubwa shikamoo na kuwaitikia wadogo marahaba. Mkononi hakuwa na jembe. Alikuwa na spana ya magurudumu.

Wapare husemwa kwamba watauza ng'ombe kwa kesi ya kuku, na kweli kazi ilisimama kwanza ili hoja ijadiliwe. Mmoja alisema maiti si mtu wa nyumba. Mwingine akasema desturi inadai nyumba itoe mtu, haikutaja awe katika hali gani. Mwenyekiti Anaeli alikuna kidevu, akaamua kwamba nyumba ya Honorata imetoa mtu. Wakaendelea kuchimba.

Nathanaeli hakuchimba. Alichuchumaa kwenye Noah mpya ya Aminieli, iliyokuwa imeleta mawe, akafungua nati za gurudumu la mbele na kuzipanga chini, koni zikitazama juu, watu wote wazione. Halafu akazirudisha, akazikaza na kwenda zake migombani. Kesho yake magharibi alikuja tena, kituoni, gari lilipolazwa. Na kesho kutwa. Watu waliokuwa wakisubiri jamaa zao walizunguka wakatazama nati zile zilizopangwa, na mmoja mmoja akaanza kuuliza kwa nini marehemu anaonyesha jambo hilohilo. Ndipo Aminieli alipoteremka Same kununua kufuli.

Kufuli zilifungwa mchana. Magharibi Nathanaeli alikuja, akajaribu spana yake, ikateleza. Akaiweka chini. Akaishika nati ya kwanza kwa vidole viwili na kuifungua taratibu, kama mtu afunguavyo kifuniko cha chupa ya chai, kisha ya pili, mpaka akamaliza zote. Akazipanga chini. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Aminieli, ambaye alikuwa amesimama palepale.

Honorata alipopata nafuu aliteremka Same mwenyewe. Alimkuta Sharifa akifagia baraza la duka.

"Dada Sharifa, panda nami Vudee. Useme mkutanoni ulilomwambia mzee yule."

Sharifa aliegemeza ufagio ukutani. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa vumbi.

"Mwenzangu, nilimwambia. Halafu nikamuuzia. Nikisema la kwanza, wataniuliza la pili."

Alimpa Honorata nati moja yenye washa, bure, akaonyeshe. Honorata aliifunga kwenye pindo la khanga na kurudi mlimani. Hakumlaumu Sharifa njiani, ila alilia.

Mkutano uliitishwa kituoni, jua likielekea kuzama, ili mhusika naye awepo. Nathanaeli alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu. Honorata alichukua rimu ya akiba, akachomeka nati ya koni tunduni, ikachezacheza. Akachomeka ya washa, ikatulia. Walio mbele waliona. Walio nyuma walikuwa wakitazama mawingu, kwa sababu maharage yalikuwa yameanikwa uani.

Aminieli aliomba nafasi. Hakumgeukia mjane. Alimgeukia marehemu.

"Nathanaeli, wewe ni Mkristo. Niliwahi kukuambia ukaze?"

"Uliniambia," Nathanaeli alijibu.

"Mara moja?"

"Kila siku, mzee."

"Ndugu zangu, mmemsikia mwenyewe."

Nathanaeli aliinua uso. "Lakini hazikukaa," alisema.

"Hazikukaa!" Mwenyekiti Anaeli aliipokea kauli hiyo kwa mikono miwili. "Amekiri hazikukaa. Nati iliyokazwa hukaa. Isiyokazwa itakaaje? Hata siku haimalizi."

"Hajasema hazikudumu!" Honorata alipaza sauti. "Anasema hazikukaa kwenye rimu. Kukaza ni kazi ya mtu, kukaa ni kwa nati yenyewe. Kukaza si kukaa, mwenyekiti!"

"Mama Jenifer," Anaeli alimwambia kwa upole, "marehemu ni mumeo. Ni haki yako kumtetea." Matone yakaanza kudondoka, na watu wakakimbilia maharage yao. Nathanaeli alibaki peke yake kwenye gurudumu, mvua ikimwosha udongo mabegani.

Wiki hiyohiyo Aminieli alikwenda dukani kwa Sharifa na kuomba nati za washa za gari zima. Sharifa alizifunga kwenye gazeti. Zilikuwa nyeusi, hazing'ai hata kidogo. Magharibi Nathanaeli alifungua ya kwanza, akapitisha kidole gumba kwenye washa, akairudisha, akaizungusha hadi ikakaa. Alishusha pumzi, ingawa hakuwa akiihitaji. Tangu hapo hakupanga tena nati chini. Alikuja kila magharibi akakaza tu, gari la Aminieli kwanza, kisha la mchungaji, kisha malori ya tangawizi yaliyolala kituoni. Watu walizoea. Wenye magari kutoka Mwanga walianza kulaza Vudee makusudi.

Aminieli ndiye aliyelisema kwanza, baada ya ibada, kwa sauti ya huruma: marehemu anatubu. Kila mtu akaona ni kweli. Kwani mtu asiye na kosa atoke kaburini kufanya kazi gani? Hicho alichokiacha akiwa hai ndicho anachokitimiza sasa. Maneno hayo yalipendwa, yakafika mpaka mashamba ya juu. Siku moja Bibi Rogathe, aliyekuwa hajakanyaga kwa Honorata tangu mazishi, alibisha hodi akiwa na kikapu cha makande ya moto. Aliketi, akamshika Honorata mkono.

"Mwanangu, nimemsamehe," alisema. "Kwa jinsi anavyojituma, nimemsamehe kifo cha Careen wangu."

Honorata alitaka kuutoa mkono wake. Lakini bibi yule alikuwa amemzika binti wa pekee, na ulikuwa umepita muda mrefu bila mtu kuingia nyumba ile. Alisema, "Asante, bibi." Wakala makande.

Jioni Honorata alichukua tochi, akaenda kituoni. Nathanaeli alikuwa ameanza gurudumu la nyuma la Noah ya Aminieli. Honorata alisimama nyuma yake.

"Baba Jenifer, acha."

Aliendelea kuzungusha.

"Kila ukikaza, wanasema unakiri. Rudi ukapumzike. Zikilegea, watajua."

Nathanaeli alisimamisha spana. Alitazama ndani ya gari kupitia kioo, viti vitupu, kiatu kimoja cha mtoto kilichosahaulika sakafuni.

"Watajua kwa nani, Mama Jenifer?" aliuliza. "Kwa watakaopanda asubuhi?"

Honorata alimpenda mume wake kuliko siku alipoolewa naye, na alimkasirikia kwa sababu hiyohiyo. Giza lilikuwa linaingia na nati hazikuonekana vizuri. Aliwasha tochi, akammulikia gurudumu lililobaki.

Asubuhi aliteremka Same kumpelekea Jenifer sabuni na unga. Gari lililokuwa zamu ni lile la Aminieli, na konda alikuwa mpya, jamaa kutoka Kifaru aitwaye Bahati, asiyemjua mtu pale kijijini. Aliupiga mlango makofi, akaita kwa bashasha:

"Same, Same! Ingieni bila wasi, wazazi! Nati amezikaza yule dereva mzembe mwenyewe!"

Abiria walicheka kidogo, wakapanda. Honorata alisubiri wazee watangulie, kisha naye akapanda, akaketi dirishani. Gari lilikuwa zima.